Posa ya Octave na Siri ya Urani

Parfait, Fundi Cherehani
Kensington, Johannesburg
Jumanne, 7 Machi 2017

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vibali vya Usalama,

Pokea salamu, pamoja na pole ya kazi. Mimi ni baba mdogo wa Octave, mwanafizikia aliyepata kazi kwenye kituo kinachotunza urani iliyosalia tangu enzi nchi hii ilipokuwa na mabomu ya nyuklia. Kazi anayo; kibali chenu ndicho hakijatoka, mwezi wa kumi na sita huu. Mimi pia ndiye msemaji wa ukoo katika posa yake kwa Godelieve. Malalamiko yangu ni haya.

1. Fomu yenu ilitaka majina ya ndugu walio nje ya nchi. Octave ni mkweli, akaandika wote themanini na watatu, kuanzia Bukavu hadi Brussels. Nasikia afisa wenu amefika wa arobaini na moja. Mashangazi waliobaki wanamsubiri kwa hamu, wengine wameshapika.

2. Jumamosi tulikwenda kujitambulisha. Mzee Révérien, baba wa msichana, aliuliza kijana wetu anafanya kazi gani. Nikajibu kwamba kwa amri ya serikali siwezi kusema. Eish, Mheshimiwa, soda zilirudishwa kwenye friji. Mjomba mmoja alisema huyu anauza dawa za kulevya, mwingine akasema anaosha maiti, na shangazi akaona afadhali maiti. Tumepewa hadi Jumapili tueleze, la sivyo posa imekufa. Kijana hali chakula, nami imeniuma sana.

3. Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Ninyi miezi kumi na sita hamjamaliza. Wale wazee kwa saa mbili walishajua alama zake za darasa la tano, homa aliyougua Lubumbashi, na yule binti wa mtaa wa Alexandra aliyempenda mwaka 2014.

4. Kwa hiyo naomba usimamizi wa urani ukabidhiwe kwa wakwe. Waziri akitaka kuikagua, aje mara tatu, na msemaji wake, tena amevaa vizuri. Mwanasayansi akitaka kuigusa, ukoo ukae kwanza. Bomu halitaundwa kamwe, maana sisi kukubaliana tarehe ya harusi tu hutuchukua mwaka.

Kuhusu Octave msiwe na shaka. Kwetu siri ni ya damu. Mimi nimeshona suruali za wachungaji watatu na sijamtajia mtu kiuno cha yeyote.

Wasalimie makarani, walinzi wa getini, na yule afisa aliyebakiwa na ndugu arobaini na wawili.

Wenu katika uzi na matumaini,
Parfait

N.B. Barua ilikuwa bado mfukoni Jumapili ikafika. Posa imekubaliwa. Octave hajatamka neno, naapa. Ila afisa wenu aliponihoji mwezi jana, aliniuliza kama Octave amewahi kunitajia mlango wa nyuma wa kituo usiofungika, idadi ya kilo za urani zilizomo, na mlinzi anayesinzia baada ya chakula cha mchana. Hakuwahi. Basi nikawaeleza wakwe hayo yote, wakafurahi, na kwaya imeuombea ule mlango. Tafadhali Octave asiambiwe. Hana kibali cha kujua.