Mushono ya Commissaire Muhigirwa

Bukavu ifurahi! Tangu leo Zaïre haikope tena mushono ya bazungu. Citoyen Muhigirwa, Commissaire wa Matumbo, ametengeneza mushono yake mwenyewe, authentique kabisa, ya kufunga erni, ile mwanya ya ukuta ya tumbo kwenye matumbo inachungulia inje kama jirani ku dirisha. Sheria imetoka: kuanzia lundi, ni kusema Jumatatu, kila mugonjwa atashonwa vile.

Godelive, docteur mupya, alisikia ile ku radio akapiga makofi. Kisha akakumbuka tonton Anaclet, mujomba wake, mubeba-mizigo wa Bagira, mwenye erni kubwa kama avoka. Operation yake ni lundi. Makofi ikakauka. Akakimbia kwa Commissaire.

"Citoyen Commissaire, tujaribu kwanza juu ya maiti."

Commissaire akawaza sana. Kila Muzaïrois anazaliwa memba wa chama, na hakuna sheria inasema kufa ni kujitoa. Basi maiti akavalishwa abacost, ile koti ya chama, na kikundi ya animation, baimbaji-bachezaji ba chama, ikamuimbia. Hakucheza. Bakamusamehe.

Ndipo bakamufungua vifungo. Godelive akatoboa mwanya mbili mu tumbo. Kushoto akashona ya Commissaire, kuume ile ya zamani ya bazungu. Ndani bakatia chambre à air, ile mupira ya ndani ya balo, na infirmière Bibiane akaanza kuijaza upepo na pompi ya baiskeli, pole-pole, isukume tumbo kama mutu anakohoa.

Kushoto: pwaa! Balo inje. Bakashona tena. Pwaa!

Kuume, Bibiane alipompa mupaka mikono ikachoka. Kimya.

"Umeona, Citoyen?"

"Nimeona. Huyu maiti anasukuma na roho mubaya."

"Maiti?"

"Tumbo ya memba haipasuke, mama. Andika: imekaza."

Mangaribi tonton Anaclet, kisha kusikia yote, akauliza, "Godelive, mutoto yangu, njo utanishona na ile yenye imepasuka?"

"Ni sheria, tonton."

"Na magunia, sheria itanibebea?"

Lundi asubui, Commissaire akafika na kikundi na mupiga-picha. Kwa ajili ya picha, akainamia gunia ya mihogo, aonyeshe kazi yenye Anaclet ataweza kesho. Akainua. Kitu ikatoka mu tumbo yake.

"Uwiii!"

Animation ikashangilia: heshima gani, baba ya mushono kushonwa wa kwanza! Bakamulaza ku meza. Godelive akaingiza uzi mu shindano.

"Unashona gani?"

"Yako, Citoyen. Imekaza."

"Hapana! Ya bazungu! Shona ya bazungu!"

Godelive akaweka shindano chini.

"Sheria inakataza, Citoyen."

"Ninaifuta!"

"Kwa bote?"

"Kwa bote! Lete karatasi!"

Akasaini hapo-hapo, amelala. Godelive akaminya ile erni na mukono. Ikarudi ndani yenyewe, bila matata.

"Hii haina haraka. Tonton Anaclet, kuja, ni zamu yako."

Commissaire akataka kugombeza. Erni ikachungulia. Akafunga kinywa. Akajaribu amri ingine, ikachungulia tena. Basi akashika tumbo na mikono mbili, akasema na sauti ya mutoto wa catéchisme:

"S'il vous plaît, docteur... tafadhali."