Damu ya Délice

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Délice hali chakula tangu juzi. Ndiye farasi pekee mtaani kwetu Kavimvira, jike la mzee Bonaventure. Maharusi hupigwa picha juu yake kando ya ziwa. Dokta Teta, mganga wa mifugo kutoka Bijombo, anataka damu yake ikapimwe Bujumbura. Kapapasa shingo, kakuta mshipa mmoja umekuwa mgumu kama kamba kwa sindano za zamani. Amekataza mtu asiguse shingo. Mshipa wa pili nao ukiziba, kichwa kitavimba. Atatafuta mahali pengine pa kutoa damu Alhamisi, akishuka kutoka kwa ng'ombe wa milimani.

Mimi ni msaidizi wake. Alipoondoka tu, nilimwambia mzee asingoje, farasi nawajua. Nawajua ng'ombe. Lakini wote wana mkia. Alhamisi Teta atakuta damu iko tayari, na mtaa mzima utaniita dokta.

Jumanne, tarehe 4

Ng'ombe unainua mkia, unachoma chini yake, kazi imekwisha. Délice aliniacha niinue mkia. Sindano hakuikubali. Alinipiga teke, nikatua juu ya ndagala, dagaa alizoanika jirani, mama Gloriose. Paja langu limevimba. Mzee Bonaventure akauliza kwa upole, "Njo vile wanafanyaka kwa farasi?" Nikamjibu kwamba hiyo ni hatua ya kwanza. Mama Gloriose aliokota ndagala zake kwenye shati langu, moja moja.

Jumatano, tarehe 5

Nimesoma kwenye simu kwamba kuna mshipa ubavuni, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Manyoya yaliuficha. Nikanyoa kwa wembe wangu wa ndevu. Nikanyoa tena. Sasa Délice ana kipara kama sahani ya bugali, na mshipa sijauona. Nilipoinama kutafuta, akaniegemea. Ukuta nyuma, farasi mbele. Hata kuita sikuweza vizuri.

Mama Gloriose alileta maganda ya ndizi ya kumvuta aniachie. Délice akayanusa, akala ganda moja, akaacha. Mzee akageuka pembeni akapangusa macho. Alisema tangu mke wake afariki, huyu ndiye wa kugombana naye asubuhi.

Niliona huruma. Kwa ajili yake nikajaribu na mguu wa mbele. Nimekanyagwa.

Alhamisi, tarehe 6

Teta amefika. Akauliza kipara ni cha nini. Nilisema nilikuwa naandaa mahali. Aliniona nachechemea, akauma mdomo asicheke, akaniambia nishike kichwa.

Alipapasa chini ya mfupa wa shavu, usawa wa jicho. Akaingiza sindano ndogo moja kwa moja hadi mfupani, akairudisha nyuma kidogo. Damu ikaja taratibu. Délice hakushtuka, alikuwa anatafuna kola yangu. Nilitafuta kosa la Teta, sikulipata.

"Weye Libérat, kaa vile vile," alisema. "Iko nakupenda weye. Bila weye hangetulia."

Sindano ilitoka, mimi bado nimeshika kile kichwa. Kizito. Kinanukia majani.

Jumapili, tarehe 9

Majibu yalikuja jana: ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe. Unatibika. Teta alimdunga dawa, na leo baada ya misa Délice kamaliza majani yake yote, kisha akaingia kwenye lengalenga, mchicha wa mama Gloriose. Mzee Bonaventure amegombana naye mpaka barabarani. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Sote tulicheka, hata mama Gloriose.

Jioni alikuja Clovis, mfugaji wa nguruwe huko bondeni Ruzizi. Jike lake kubwa linaumwa. Aliuliza dokta aliyetoa damu ya farasi yuko wapi. Teta alikuwa nyuma ya nyumba ananawa mikono, kwa hiyo nilijibu mimi. Nimemwambia nitakwenda kesho asubuhi, nguruwe ndiyo kazi yangu hasa.

Sijawahi kumshika hata mmoja. Ila ni mnyama mfupi. Atanitupa wapi?