Gari Langu Limeongea Kwenye Posa Yangu

Jamani wa kundi hili, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mpaka ule mguu wangu wenye chuma umeona haya. Naandika nimesimama, maana kukaa kumenishinda. Nakaa, nanyanyuka. Naenda mlangoni, nalichungulia lile gari, narudi. Liko pale nje, kimya, kama si lenyewe.

Nitataja majina. Shule niliishia la nne, lakini majina ya walioniumiza nayaandika bila kukosea hata herufi. Wa kwanza Joeli, dalali wa magari. Wa pili Sefu, fundi wa Kizota. Wa tatu Mzee Ndahani, jirani yangu na mshenga wangu, ila huyo nitamsamehe kidogo kwa ajili ya mvi.

Mnaonijua mnajua nilivyopona. Bodaboda ilinitupa mtaroni, nikalala wodini naangalia dari, nikatoka na chuma mguuni na fimbo mkononi. Nafika nyumbani, mke ameshaondoka na masufuria. (Hata mwiko hakuacha. Ugali wa kwanza niliusonga kwa mpini wa jembe dogo. Msicheke, mpini nilikuwa nimeuosha.) Tangu hapo nikaapa sipandi tena chombo kinachoendeshwa na mtu mwingine.

Sasa kuna mjane Hombolo, anaitwa Yudita, ana shamba la zabibu. Tumejuana sokoni kwa mimi kununua zabibu nisizozihitaji. Nimekula zabibu mpaka tumbo likakataa. Yudita hana neno na mimi. Mwenye neno ni kaka yake mkubwa, Yona, ambaye ndiye anayepokea posa. Alimwambia dada yake hawezi kumtoa kwa mwanaume anayesimama kwa msaada wa kijiti kama mche wa nyanya. Maneno hayo yakanifikia yakiwa bado ya moto.

Nikasema nanunua gari.

Joeli akaniletea kigari kidogo, rangi ya fedha, mlango mmoja haufunguki mpaka uubembeleze. Akaniapia kwamba mwenyewe alikuwa mwalimu wa kike, mlokole, analiendesha kanisani na kurudi. Nikamuuliza mbona juu ya paa kuna matundu manne yamezibwa kwa gundi. Akasema ni ya kupitisha hewa. Nikaamini. (Mimi huyu. Na ndevu zangu.)

Taa ya rivasi ilikuwa haiwaki, nikampelekea Sefu. Akainama chini ya usukani, akakata, akaunga, taa ikawaka. Toka siku hiyo kila nikipaki, nikirudisha ile gia mbele kabisa, gari linatoa mlio mmoja mfupi: "Pa!" Kama mtu aliyetaka kuita akaghairi. Nikamrudia Sefu.

"Mzee, hiyo ni kengele ya usalama," akaniambia bila kuinua uso. "Magari ya Japani yana adabu."

Nikaondoka nimefurahi. Nikawa natoka kwenda kupaki tu, majirani wasikie adabu ya gari langu.

Udereva nilifundishwa na mpwa wangu kule Msalato, kwenye viwanja ambavyo havijajengwa. Kule ni wazi mpaka macho yanachoka. Ukitaka kurudi ulikotoka, unazunguka. Kwa hiyo rivasi hatukuisoma. (Habari za leseni msiniulize humu, kundi lina watu wengi.)

Basi leo asubuhi nikavaa koti, nikampakia Mzee Ndahani, tukaanza safari. Njia nzima ananikanya. Kwenye posa muoaji haongei, mdomo ni wa mshenga. Mimi kazi yangu ni kuinamisha kichwa na kuonekana mtu aliyetulia. Mimi na kutulia hatujawahi kuishi nyumba moja. Mpaka tunafika nilikuwa nimeshajifuta jasho kwa leso mbili.

Tukaingia uani kwa Yona. Nikapaki karibu na mlango ili gari lionekane vizuri. "Pa!" likasema. Yona aliyekuwa mlangoni akageuza shingo, akaliangalia sana. Nikajua limemwingia. Tukasalimiana, mbukwenyi, mbukwenyi, wadogo zake watatu wakaja, tukakaa kwenye viti ndani. Yudita yuko jikoni, namwona kwa pembe ya jicho.

Mzee Ndahani akaanza. Jamani, yule mzee ana mdomo. Alisema sisi ni wapita njia tuliona moshi unafuka kwenye nyumba hii tukajua kuna moto mzuri, tunaomba kaa moja la kwenda kuwashia kwetu. Akasema kijana wake (kijana mwenyewe ndiye mimi, nina wajukuu wawili) ni seremala mwenye mikono, mtu mkweli, hana kona kona. Hapo angeishia. Lakini utamu ukamzidi, akanyoosha kidole uani.

"Na lile gari mnaloliona pale ni jipya. Halijawahi kuguswa na mkono mwingine."

Nikainamisha kichwa. Ndiyo kazi niliyopewa.

Yona akaitikia kwa kichwa taratibu, akaanza kulainika. Akauliza ukoo wangu, akauliza mguu, akajibiwa vizuri. Nikahesabu moyoni, bado kidogo tu atapokea barua. Mara mke wake akapiga hodi, akasema samahani wageni, tairi la mbele limekanyaga turubai la mtama wake na kuku wameshaanza kuula. Mgeni angerudisha gari nyuma hatua tatu tu.

Nyuma!

Nikamwangalia Mzee Ndahani. Akanipa ishara nenda. Nikatoka, familia nzima ikanifuata mlangoni kuangalia. Nikaingia, nikawasha, nikaivuta ile gia mpaka kwenye herufi ambayo nilikuwa naipita tu kila siku kama nyumba ya mtu anayenidai.

"PANYA!"

Nilidhani ni mtu kapiga kelele. Nikaangalia huku na huku. Sauti inatokea mbele, ndani ya bampa, sauti ya mwanaume mwenye mafua, kubwa kuliko ya mwinjilisti.

"Panya! Mende! Kunguni! Viroboto! Dawa yao imefika mlangoni kwako! Akila leo, kesho humwoni! Mama, toka nje, usione aibu, hata nyumba za wakubwa zina kunguni!"

Gari linarudi nyuma polepole, mimi nautafuta mguu. Mguu wa breki ndio huo wenye chuma, nao haupendi kuharakishwa. Ulipofika kwenye breki, nyuma kulikuwa na kichanja cha vyombo. Kikaenda chini na vikombe, sahani, na sufuria la pilau ambalo walikuwa wametupikia sisi.

Nikavuta breki ya mkono. Gari likasimama. Mdomo haukusimama. "Panya! Mende! Kunguni!" Nikaizima redio. Haikuwa imewashwa. Nikapiga dashibodi ngumi. Nikawasha vifuta kioo.

Majirani wakaanza kumiminika, na mimi kwa ujinga wangu nikajua wamekuja kununua. Bi Mele, bibi wa nyumba ya pili, akatangulia mbele na mwiko mkononi, akaupiga juu ya boneti.

"Umerudi! Leo utanirudishia maharage yangu!"

Kumbe gari linajulikana. Kumbe msimu uliopita lilizunguka Hombolo nzima na spika juu ya paa (matundu ya kupitisha hewa, Joeli, Mungu anakuona), mwenye nalo akiwauzia watu dawa ya panya ambayo ilikuwa unga wa muhogo. Spika ya juu waliing'oa. Ya chini wakaisahau.

Yudita akapita katikati ya watu, akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

Kimya. Kuku mmoja anakula pilau.

Yona akaja taratibu mpaka kwa Mzee Ndahani. "Mzee wangu, ulisema halijaguswa na mkono mwingine. Mimi mwenyewe niliegemea hilo boneti nikinunua paketi nne. Panya walikula, wakanenepa, wakaenda kuwaita ndugu zao. Magunia mawili ya karanga."

Mzee Ndahani, mdomo wote ule, akaanza kutafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

Nikashuka. Nikajua nikinyamaza nimemkosa Yudita, na nikiongea nimevunja mila. Nikaongea. Nikasema gari ni kuukuu, nimelinunua siku tisa zilizopita kwa Joeli. Nikasema sijui rivasi. Nikasema mguu una chuma na bila fimbo sifiki mbali. Nikasema nimelinunua ili nisionekane mche wa nyanya. Hapo wadogo zake Yona wakaangalia pembeni, mabega yanatikisika.

Yudita akasema, ufunguo bado mkononi mwake, "Kaka, mimi nilimkubali akiwa anakuja na fimbo. Gari sikuliomba. Fimbo haijawahi kumtukana mtu kwamba ana kunguni."

Yona akalizunguka gari, akayagusa yale matundu ya paa. Mimi nilikuwa nachezesha mguu mzima, mbovu umeegemea mlango ule usiofunguka. Mwisho akasema barua ataipokea, ila mahari hataki kusikia habari ya ng'ombe kwanza. Magunia yake yaliliwa kwa sababu ya gari langu. Watangulie paka. Paka wawili, wanaokamata, nisimpelekee wa mapambo. Wakifanya kazi mpaka Jumapili ijayo, tutaongea mambo ya ng'ombe. Wakishindwa, nisirudi.

Kuondoka nako kukawa kazi, maana mbele kuna mtama na nyuma nimekataa katakata. Mashemeji watarajiwa wakalisukuma gari kwa mikono mpaka likageuka, Bi Mele akisimamia na mwiko. Nimemlipa maharage yake.

Nilipofika nyumbani nikampigia Sefu. Nikamtukana vizuri, kwa mpangilio. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, pale kwenye rivasi nilikuta waya hauna kazi, nikaupa kazi."

Sasa nimezunguka mtaa mzima toka saa tisa. Nimeonyeshwa paka watano. Watatu wanene wamelala juu ya meza, mmoja anaogopa kuku, wa tano alikuwa mjamzito. Jumapili haiko mbali na mimi kukaa siwezi.

Kwa hiyo mwenye paka mkali, mwembamba, mwenye njaa, anitafute leo hii. Na atakayecheka, nafasi ya nne kwenye orodha yangu bado iko wazi.