Harambee ya Programu ya Maziwa

Jumatatu, 4 Juni 2007

Balaa! Mwalimu Balbir ametoa zoezi: programu ya lugha ya C ya kujumlisha kilo za maziwa za kila mkulima. Ijumaa meneja wa kiwanda cha maziwa atakuja chuoni kuangalia programu zetu. Atakayemridhisha anapata nafasi ya kujifunza kazi kiwandani. Nafasi moja tu! Na mimi katika C najua kuandika jina langu likatokea kwenye skrini, basi.

Tatizo ni mama. Jana kanisani Kiamunyi alisimama wakati wa shuhuda, akatangaza kwamba mwanawe Kimeli ameshachukuliwa kiwandani. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesikia fununu za nafasi hiyo, nikamwambia huenda. Mama hasikii huenda.

Jeruto, yule msichana wa Elburgon anayekaa mbele kabisa, alimwuliza mwalimu kama anaweza kuanza leo. Mtu gani huyo?

Jumanne, 5 Juni

Nimepona! Ravi wa saiba, pale tunapolipia mtandao, amenionyesha jukwaa la mtandaoni ambako wajuzi wa programu duniani kote husaidiana bure. Nikaelewa mara moja. Hii ni harambee, ila imekosa mwenyekiti. Nikajiteua.

Niliandika kwa Kiingereza safi. Itifaki zote zimezingatiwa. Mama anawasalimu. Shida yetu ni hii hapa. Kila mmoja achange mistari michache ya programu kadiri alivyojaliwa, maana haba na haba hujaza kibaba. Ravi alisoma, akaniambia, "Boss, hao watakumaliza." Ravi hajui watu.

Jumatano, 6 Juni

Majibu! Mzee mmoja wa Finland aliuliza nimejaribu nini mpaka sasa. Moyo mzuri ulioje! Nikamjibu ukweli: maombi, na binamu yangu wa Lanet. Kisha Mkanada mmoja akasema niache uvivu, nifanye kazi zangu mwenyewe. Nikamshukuru kwa kunikanya kama mtoto wake. Nikamwombea yeye, mkewe na mifugo yake.

Baadaye akarudi. Akasema hana mifugo. Akaomba radhi kwa ukali wake, akachanga kipande kizima cha programu. Wengine wakaona haya. Msichana wa Brazil akachanga, Mholanzi akachanga, hata mzee wa Finland akachanga huku akinung'unika. Machozi yalinilengalenga pale pale kwa Ravi. Watu hata hawanijui!

Alhamisi, 7 Juni

Jeruto alinikuta nikipanga michango. Akasema hao wote wamefanya kazi ileile, kila mmoja anauliza jina na kujumlisha maziwa, kwa hivyo nibakize mmoja na kufuta wengine. Nife! Mtu akileta kuku kwenye harambee, unamwambia arudi naye kwa sababu kuku mwingine tayari yupo? Nikawaweka wote, kwa kufuata walivyotangulia kutoa.

Ila Mholanzi alichanga kwa Pascal, lugha nyingine kabisa, na kompyuta ikamkataa katakata. Jeruto akanihurumia. Akanionyesha alama za kumzungushia ili kompyuta impite bila kumsoma. Sasa yumo, ameketi na wageni waheshimiwa, lakini hapewi kipaza sauti. Asante sana, Jeruto. Kasoro yake ni bidii tu.

Mwanzoni mwa programu nikaongeza shukrani kwa kila mchangaji, zitangulie maziwa.

Ijumaa, 8 Juni

Meneja ni mama mmoja mpole, Bi. Chepkosgei. Programu ya Jeruto ilipokea kilo, ikajumlisha, ikanyamaza. Hata salamu hamna!

Ikaja yangu. Ikaishukuru Finland. Ikaishukuru Kanada. Ikamshukuru binti wa Brazil, na Mholanzi ambaye hakusema neno. Halafu ikamwuliza mkulima jina lake. Ikamwuliza tena. Ikamwuliza tena! Hatimaye mkulima wa kilo sita akaambiwa ameleta kumi na nane. Mwalimu Balbir alifumba macho. Akaniuliza mistari yangu mimi ni ipi. Nikasema kweli: ile ya shukrani.

Nafasi akapewa Jeruto. Nikamwona mama akilini, amesimama mbele ya wale wapiga vigelegele.

Ndipo Bi. Chepkosgei akataka kujua hao wageni nimewapa nini hata wakanifanyia kazi. Nikasema nimewashukuru tu. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema wakulima wake hufika alfajiri wamekasirika, na pale mapokezi hana mtu wa kuwaambia asante. Jumatatu niripoti. Sharti ni moja: nisiguse kompyuta. Mungu yupo! Nilimshukuru yeye, nikamshukuru mwalimu, nikamshukuru Jeruto, nikamshukuru bawabu langoni.

Jumapili, 10 Juni

Kanisani. Mama ameshuhudia upya. Eti sasa mimi ndiye ninayeendesha kompyuta zote za kiwanda. Vigelegele! Pasta Kiprugut akanisimamisha, akasema kanisa limekuwa likiomba Mungu alete mtu wa kutengeneza programu ya kuhesabu waumini. Kabla sijafungua kinywa, mama akamjibu kwamba kwangu hiyo ni kazi ndogo, Jumapili ijayo itakuwa tayari. Uso wake uling'aa kwa furaha. Ningemkatizaje?

Nikatoka mbio hadi kwa Ravi. Jukwaani nikakuta mada yangu imebandikwa picha ya kufuli, na tangazo kwamba hakuna anayeruhusiwa kuongeza neno. Niliguswa mno. Wameifunga ili mtu asije akaiba michango yangu! Na wala sikuwaomba. Nikafungua mada mpya, nikawaalika wote kwa majina yao, na safari hii nimewasihi wafike mapema.