Milioni na Moja Kwenye Kitambaa cha Kochi

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nabwile amehamishwa. Anafundisha hesabu Myanga, karibu na kwao, nami nimebaki hapa Kibomet na cherehani yangu. Cherehani ni nzima. Mbovu ni mimi. Leo kanipigia akasema Festus, afisa wa kilimo, amempelekea mama yake Nabwile, Mama Wilkista, miche ya ndizi, na mama amefurahi mno. Miche! Nina mpango. Nabwile hupenda namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Nitatafuta kubwa, niidarizi kwenye kitambaa cha kochi la kwao. Hakuna wa kutugawanya!

Jumatano, 4 Juni
Nimepata: 1,000,001. Milioni ni wanaume wote wanaomtaka. Ile moja ni mimi. Nimeigawanya kwa 3, 7, 11, 13, nikaendelea. Kila mara kuna baki. Nilipofika 97 nikachoka. Iliyokataa hizo zote itakubali gani tena? Kamusi inasema namba ya aina hiyo huitwa "tasa". Herufi nne tu, uzi kidogo. Safi! Nimedarizi kwa rangi nyekundu: NABWILE 1,000,001 TASA. Kifurushi kimeondoka.

Jumapili, 8 Juni
Balaa. Mama Wilkista alitandika kitambaa bila kukisoma. Akina mama wa kanisa wakaja kwa maombi, wao wakasoma. Mmoja akapiga magoti kumwombea Nabwile apate mtoto! Mama kanipigia simu: "Gathii, ati msichana wangu ni tasa? Kwani wewe ni fundi wa nguo ama ni daktari?" Nikarudi kwenye kamusi. Maana ya kwanza, niliyoiruka: asiyezaa. Sijala tangu mchana. Naogopa kumpoteza.

Jumanne, 10 Juni
Nabwile kapiga. Nilidhani ni kwaheri. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe hata namba yenyewe si tasa: ni 101 mara 9,901. "Si ungesonga kidogo tu, bana! Mia na moja ndiyo ilikuwa inafuata." Amemwandikia mama yake hesabu yote kwenye karatasi. Mama akauliza kama kweli iko na wawili ndani, akalainika. Nabwile amefumua lile neno kwa wembe, namba ameiacha. Anakalia kochi hilo akisahihisha madaftari. Nampenda huyu mwanamke, jamani. Na mama anataka kuniona Jumamosi!

Alhamisi, 12 Juni
Kosa langu nimelijua: sikuhakikisha hesabu. Basi zawadi ya mama nimeihakikisha mara tatu. 12,345,678,987,654,321 ni 111,111,111 mara yenyewe. Inapanda, inashuka, tamu kuitazama! Kamusi inasema namba ya hivyo huitwa mraba. Mama Wilkista ni mtu wa mwili, mlango wa jikoni huupita kwa ubavu, kwa hivyo nimekata kitambaa kipana na herufi nimezifanya kubwa. Kimetangulia leo asubuhi: MAMA WILKISTA, WEWE NI MRABA, PANDE ZOTE SAWA. Festus atajuta.