Kanyagio Linalomuuliza Binti Yangu Kama Yuko Macho

Mwanangu amekabidhiwa treni ya umeme! Si kuipanda, kuiendesha!

Ndugu Meneja wa Usalama wa Treni,

Samahani, furaha imetangulia salamu. Hujambo? Mimi ni mama mzazi wa dereva wako mpya, yule binti mrefu, kitinda mimba wangu. Nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini nimemzaa anayezijua nyaya zote za treni hiyo, kwa hiyo nisikilize. Nina malalamiko.

1. Ameniambia kwamba chini ya mguu wake mmefunga kanyagio. Kila baada ya muda mfupi lazima aliachie na kulikanyaga tena, ili mtambo ujue yuko macho. Akichelewa, king'ora kinalia; akizidi, umeme wa mota unakatwa na breki zinajifunga zenyewe. Huko ni kumtilia shaka mtoto wa watu! Nimemlea mimi. Alipokuwa mchanga hakulala, nami sikulala, jirani naye hakulala.

2. Akipita taa nyekundu, treni inajisimamisha bila kumwomba ruhusa. Kwani apite ana nini? Hata sebuleni kwangu hapiti bila hodi.

3. Mlango mmoja ukibaki wazi, treni inagoma kuondoka. Yaani abiria mzembe ana sauti kuliko dereva aliyefaulu mitihani yote!

4. Hili ndilo limenichoma. Nilipokuja ofisini kwenu kulalamika kwa mdomo, nilimkuta karani wa mapokezi amesinzia, muhuri mkononi, shavu juu ya faili. Nikakohoa, nikagonga meza, nikasalimia weee. Hakuna king'ora kilicholia, hakuna breki iliyojifunga. Ofisi ikaenda hivyo hivyo.

Kwa hiyo naomba kanyagio la binti yangu ling'olewe, lifungwe chini ya meza ya karani, na jingine chini ya yako, kwa heshima zote. Asiyekanyaga, umeme wa jengo zima ukatike, feni zisimame. Na kama dereva lazima aulizwe, nipeni kiti pembeni yake. Nitamuuliza mwenyewe, bure.

Wasalimie wote nyumbani kwako, na mafundi wa karakana, na karani akiamka.

Ni mimi,
Mama Dereva

N.B. Nilishafunga bahasha, nimeifungua. Binti amerudi kutoka mazoezini, nimempakulia, nimegeuka kuchukua maji, nakuta amelala ameketi, kijiko mdomoni. Nimemwita kwa jina, kwa cheo, kwa jina la bibi yake. Nilipomkanyaga mguu ndipo akaruka, "Niko macho, mama!" Wiki nzima mnampa zamu za alfajiri, maskini mwanangu. Basi kanyagio liacheni, king'ora kiongezeni sauti, na zamu zipunguzeni. Safari yake ya kwanza na abiria, ukoo mzima tumeshakata tiketi, behewa la mbele, nawe nimekuwekea nafasi kati yangu na shangazi yake. Usikose: Jumamosi hii, saa mbili asubuhi.