Jua Langu na Mbata za Shangazi

Jumatatu, 6 Mei 1974. Gazi.
Nimenunua bhajia, nimepata siri! Gazeti zilimofungwa linasema wataalamu ng'ambo wanatengeneza jua ndani ya chumba. Wanachukua kipunje kidogo kama chembe ya mchanga, wanakipiga miale mikali ya leza kutoka pande zote kwa pamoja. Kinajikunyata, kinawaka. Mwisho wa habari umelowa mafuta, hausomeki. Mbona mafuta yalidondokea hapo hapo tu?

Shangazi Bimkubwa analia na masika. Mbata zake, nazi za kukausha, hazikauki, zinaota kuvu, na mnunuzi wa Ukunda hagusi zenye kuvu. Zisipouzika, binti yake Mwanapili ataolewa bila godoro, na wakwe wenyewe wana maneno. Nimemwambia atulie, nitamletea jua langu mwenyewe. Akasema nianze kwa kuanua nguo zangu, ziko mvuani tangu juzi.

Chande fundi baiskeli alikuwa akinichungulia nikisoma. Ati anatazama bhajia.

Jumanne, 7 Mei.
Nimemwendea Mwalimu Kalama, ambaye bado ananidai darasa la sita. Ameeleza kwamba ndani ya kipunje mna hidrojeni. Mwanga ukiibana sawasawa, viini vyake vinaungana na kutoa joto kama la jua. Upande mmoja ukilegea, kinachopoka kama kokwa ya embe mkononi. Tena hakuna duniani aliyewahi kupata moto mwingi kuliko aliotia. Akacheka.

Anayecheka anaficha kitu.

Jumatano, 8 Mei.
Leza sina. Vioo vipo, ila vina wenyewe. Cha Mwanapili nimekiazima akiwa kisimani. Cha Makame kinyozi, kile kinachokuza chunusi ikawa kama embe, nimekiazima akisinzia. Vifuniko vya sufuria nimevisugua kwa majivu hadi nikajiona uso. Uso mzuri, kusema kweli.

Chande amenipa kioo cha baiskeli yake bila kuombwa! Nimekikagua mbele na nyuma. Mtu hakupi kitu bure ila amekwisha kukupigia hesabu.

Alhamisi, 9 Mei.
Mvua. Chande amepita, akamwamkia Shangazi kwa adabu nyingi mno, kisha akanishauri nisogeze mbata mbali na jiko, kwa kuwa makuti ya paa lake yananing'inia chini. Nimemsoma. Anataka mbata ziwe uwanjani azione toka kibandani kwake. Alipoondoka nimezisogeza karibu zaidi, chini ya makuti kabisa.

Ijumaa, 10 Mei.
Jua limetoka, kali! Nimesimamisha vioo juu ya fito za mikoko, vyote vikitazama kipande kimoja cha mbata, pale chini ya makuti, nilichokipaka mafuta. Hicho ndicho kipunje changu. Kikaanza kutoa jasho.

Shangazi, akiwa njiani kwenda kwa wakwe, akapaza sauti: "Seifu! Kijana asiyeswali Ijumaa halali kwangu." Nikaviacha vioo vimesimama. Vimeshalengwa, vitaenda wapi?

Msikitini Chande akaketi ubavuni mwangu. Penye nafasi yote ile! Imamu yu katikati ya hotuba, Chande akanipiga kiwiko. Akanionyesha dirisha. Akanivuta kanzu. Nikamjua! Kila Mwislamu anajua ukisema neno wakati wa hotuba, Ijumaa yako imepotea. Alitaka nitamke nikose thawabu. Nikakaza macho kwa imamu, sijawahi kusikiliza hotuba vile maishani. Harufu ya nazi ikaja, nikadhani ni pilau ya mtu.

Chande akainuka akatoka mbio. Katikati ya hotuba! Nikamsikitikia.

Nimerudi nyumbani, jiko halina paa. Chande amesimama na ndoo, nyusi zimeungua.

Jumamosi, 11 Mei.
Mbata zilizokuwa karibu na kipunje zimekuwa mkaa. Zile alizoziburuta Chande kutoka motoni zimekauka kwa joto, hazina hata doa la kuvu. Amezipakia kwenye baiskeli hadi Ukunda, mnunuzi amezichukua zote. Godoro lipo. Shangazi anamwita Chande mwanangu. Mimi ananiita "huyo".

Nimemuuliza Chande kwa nini hakuniambia msikitini. Akasema, "Ningesema vipi, na imamu yu juu ya mimbari?" Jibu limekaa sawa mno. Alilitunga mapema.

Jumapili, 12 Mei.
Nimelala jikoni, nikitazama mbingu. Nimepiga hesabu upya. Mwalimu alisema hakuna aliyepata moto mwingi kuliko aliotia. Mimi nilitia vioo na vifuniko, nikapata jiko zima! Ng'ambo hawajui.

Kosa nimeliona. Mwanga ulitoka kila upande isipokuwa juu, na juu palikuwa na makuti. Sasa hayapo.

Shangazi ameniamuru nikate makuti niezeke kabla ya harusi. Nimemjibu tusiwe na pupa. Makame kinyozi amenunua kioo kipya, kikubwa kuliko kile, na adhuhuri huwa anasinzia.